Ogembo kwa Uzi wa Timazi

Picha yenyewe si kubwa. Ukinyosha mikono unaishika kingo zote mbili. Imechorwa kwa rangi za akriliki juu ya turubai, na sehemu kubwa rangi imepakwa kwa kisu badala ya brashi, hata ukiitazama kwa ubavu unayaona matuta yake. Inaonyesha maduka matano yaliyoshikana kuta, na mwishoni upande wa kulia jengo moja la ghorofa. Mabati yana kutu. Kuta ni za kijani, samawati na manjano iliyochujuka. Milango yote iko wazi na ndani yake ni weusi mtupu. Anga ni ya kijivu kinachoelekea zambarau, nayo imeshuka mno, karibu iguse mapaa. Mwanga uko mahali pasipotarajiwa: barabarani, manjano kali inayopanda kutoka ukingo wa chini wa picha. Maduka yote matano yameinama. Jengo la ghorofa peke yake limesimama wima. Hakuna mtu hata mmoja.

Mchoraji ni mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Machoge, huko Kisii, na picha aliitundika katika chumba cha walimu hapa Nairobi ikiwa na kikaratasi chenye neno moja: Ogembo. Kila aliyepita alitoa lake. Huzuni, alisema mmoja. Upweke, akasema mwingine. Mwalimu wa jiografia aliuliza kama mji huo una maporomoko ya ardhi. Kisha kila mtu akaenda darasani.

Sina ugomvi na neno huzuni. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kulitamka na kuondoka. Hisia iliyomo katika picha ya majengo imeshikiliwa na vitu unavyoweza kuvigusa kwa kidole: mstari ulioinama, ukingo uliokolezwa au uliofutwa, uzito wa paa juu ya ukuta, mahali mwanga unapotokea. Mtu akichora mama anayelia, machozi yatamsaidia nusu ya kazi. Akichora duka la mabati hana msaada huo, kwa sababu duka halina uso. Kila anachotaka kusema inabidi akibebeshe mistari na rangi. Ndiyo maana nazipenda picha za majengo kuliko picha nyingine zote, na ndiyo maana inaniuma zikipewa neno moja na kuachwa.

Lakini swali gumu lilibaki. Katika picha ile, Ogembo ni kiasi gani, na mchoraji ni kiasi gani? Mtu ambaye hajauona mji hawezi kujibu. Huenda maduka yale yameinama kweli. Huenda anga ya huko hushuka hivyo kila siku. Mchoraji wa Marekani, Erle Loran, alilikabili swali la namna hii kwa njia iliyo wazi kabisa: alikaa Aix, kusini mwa Ufaransa, katika miaka ya 1920, akatafuta sehemu ambazo Paul Cézanne alisimama kuchora, akazipiga picha kwa kamera na kuziweka kando ya michoro. Kitabu chake kilitoka mwaka 1943, na mpaka leo ukikifungua unaona palepale ni nini Cézanne alikiona na ni nini alikisogeza. Kwa jicho langu, hapo kwenye kusogeza ndipo mchoraji anapozungumza. Mengine ni mji unaojisemea.

Basi likizo ya Agosti ilipofika nikamwambia mwenzangu, nipeleke Ogembo. Nikamwomba pia jambo moja, asinieleze lolote kuhusu picha mpaka nimalize kutazama. Alikubali, na alilitimiza.

Sikuwa nimewahi kufika Gusii. Gari lilishuka Mai Mahiu, likakata tambarare hadi Narok, na kwa kuwa safari ilikuwa ya majengo niliyatazama majengo njia nzima. Narok nyumba zina nafasi. Kila moja inaonekana yote, mbele na ubavuni. Kupita Bomet na Sotik nchi ikaanza kuinuka, mashamba ya chai yakaingia pande zote, na tulipofika Keroka, mji ulio nusu Kisii nusu Nyamira, hakukuwa tena na kitu kilicholala sawasawa. Nyumba zinapanda vilima pamoja na migomba na mikaratusi. Mjini Kisii niliona jengo lenye ghorofa moja upande wa barabara na tatu upande wa nyuma, kwa kuwa nyuma ardhi imeporomoka kuelekea bondeni na mjenzi ameifuata. Kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.2 katika sensa ya 2019, katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,300. Ardhi ikigawanywa hivyo, duka halijengwi mbali na duka. Yanaegemeana, ukuta mmoja unahudumia wenyewe wawili. Nilianza kuelewa kwa nini katika picha ile hakuna hata upenyo wa hewa kati ya duka na duka.

Kutoka Kisii tulipanda Probox, tukabanana kama ilivyo desturi, magunia ya viazi yakiwa nyuma na mtoto wa watu akiwa mapajani mwangu. Ogembo ni mji wa Mto Gucha. Ulikuwa makao ya Wilaya ya Gucha kabla ya mfumo wa kaunti kuanza mwaka 2013, na bado una mahakama na ofisi za serikali, hivyo mchana watu wengi barabarani wameshika bahasha. Udongo ni mwekundu, na ndio unaotengenezewa matofali yanayochomwa hapohapo mashambani. Tulisalimiana na kila tuliyekutana naye. Bwakire, mbuya mono, na mkono unashikwa kwa muda kabla ya kuachiliwa.

Mwenzangu alinipeleka hadi ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la pembejeo, akasimama. Hakusema kitu. Nikajua ndipo alipochorea.

Maduka matano yalikuwa mbele yangu. Mabati yenye kutu, ndiyo. Kijani, samawati na manjano, ndiyo, ingawa juu ya rangi hizo kuna matangazo ya simu na sabuni ambayo mchoraji ameyaacha yote. Jengo la ghorofa lilikuwa mahali pake. Lilikuwa bado linajengwa, ghorofa ya pili ikishikiliwa na nguzo za mikaratusi, na mafundi walikuwa juu. Nikavuka, nikamwamkia fundi mzee aliyekuwa chini akichanganya saruji.

"Mzee, naomba timazi yako kidogo."

"Unajenga wapi, mwalimu?"

"Sijengi. Nataka kupima maduka yale."

Aliyatazama maduka, akanitazama mimi, akaichomoa timazi kwenye mfuko wa zana na kunipa. "Yale yalijengwa na wazee wetu," alisema. "Hayaendi popote."

Nilirudi ng'ambo, nikanyosha mkono, nikaiacha timazi ining'inie mpaka ikatulia, nikaufuatisha uzi na kila kona ya kila duka. Yamesimama wima. Yote matano. Nguzo moja tu ya baraza, ya mti, ndiyo iliyopinda kidogo. Fundi alikuwa amesema kweli.

Kilichoinama ni barabara. Inapanda kuelekea kushoto, na kila duka limekaa ngazi moja chini ya jirani yake wa kushoto. Kwenye picha barabara hiyo imechorwa ikiwa sawa kabisa, imelala sambamba na ukingo wa chini. Hapo nilipata jibu la kwanza, na lina mantiki ambayo fundi yeyote atakuonyesha kwa karatasi na kalamu. Mwili wa mtu aliyezoea kuishi mlimani hauhesabu mteremko. Ardhi anayoikanyaga ndiyo sawa yake. Ukichora mteremko kana kwamba ni tambarare, kuta zilizo wima zitalalia upande wa mlimani. Kwa hiyo kuinama kule si tetemeko wala homa. Ni macho ya mtu wa Ogembo, aliyeichukua barabara ya kwao kuwa kipimo.

Jibu hilo lingetosha kama maduka yote yangelalia kushoto. Hayakulalia hivyo. Nilifungua simu, nikaiweka picha kando ya uzi. Maduka mawili ya kulia ndiyo yanayolalia kushoto, kama mteremko unavyodai. Mawili ya kushoto yanalalia kulia, kinyume na mteremko, kinyume na timazi, kinyume na jambo lolote unaloweza kuliona ukiwa pale. Yanaelekeana. La katikati limebanwa na pande zote mbili hata paa lake limeinuka kifuani mwa anga. Na jengo la ghorofa, ambalo kwa hesabu ya mteremko lingepaswa kuinama pamoja na wenzake wa kulia, limechorwa wima kana kwamba mchoraji alilipigia timazi yeye mwenyewe. Mambo hayo mawili hayatoki Ogembo. Yametoka kwa mchoraji, na nilijua sasa mahali pa kumsikiliza.

Mwanga ulinitaka nisubiri. Milima ya Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima. Joto la mchana na unyevu unaopanda kutoka upande wa Ziwa Victoria hujenga mawingu ifikapo alasiri, na radi na mvua ya mawe si ngeni. Tulikunywa chai. Kuelekea jioni mawingu yalikuwa yamejaa juu ya kilima nyuma ya maduka, kijivu cha kuelekea zambarau, hasa rangi ile, nayo yalikuwa chini hasa kama alivyoyachora. Jua lilikuwa nyuma yetu, limepenya chini ya ukingo wa wingu, na barabara ikawaka. Nilisimama nikiwa nimeshika kikombe. Manjano ile kali ambayo wenzetu Nairobi waliiona ya kubuni ilikuwa imemwagika mbele yangu, na ndani yake pikipiki na mbuzi wakipita.

Ila kulikuwa na vivuli. Jua likiwa chini hivyo, kila mlingoti wa umeme hutupa kivuli kirefu, na vivuli vyetu wenyewe vilifika barazani. Kwenye picha hakuna hata kimoja. Barabara inang'aa, na maduka hayapokei mwanga huo wala hayautoi.

Hapa sikuweza kujizuia kukumbuka kanisa la Auvers. Vincent van Gogh alilichora Juni 1890, wiki chache kabla ya kufa, katika turubai ya takriban sentimita 94 kwa 74 ambayo sasa iko Musée d'Orsay, Paris. Njia na nyasi za mbele zina jua. Kanisa limekaa katika giza lake lenyewe, mistari ya paa lake inayumba, na anga nyuma yake ni bluu nzito isiyoeleza kama ni mchana au usiku. Njia inagawanyika matawi mawili na hakuna tawi linaloelekea mlangoni. Watu wengi huisoma picha ile kupitia kifo cha mchoraji, lakini barua aliyomwandikia dada yake mdogo, Willemien, inazungumzia rangi: zambarau ya jengo, bluu ya anga, na jinsi rangi ilivyokuwa imekolea kuliko katika michoro yake ya zamani ya mnara wa Nuenen. Mwanamume yule alikuwa kazini. Ukiliondoa jua kwenye ukuta na kulibakiza njiani, jengo linakuwa zito na la ndani-ndani. Mchoraji Chaïm Soutine alifanya ya kwake huko Céret, chini ya milima ya Pyrenees, kati ya 1919 na 1922, nyumba zikibiringika pamoja na kilima. Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya peke yake. Elimo Njau, katika michoro yake ya ukutani ya kanisa kuu la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, alipozileta habari za Yesu katika mandhari ya nyumbani, boma na vilima vilifanya kazi kubwa ya kueleza kama nyuso zilivyofanya.

Nilikuwa bado sijaielewa milango. Mama mmoja alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la katikati, akishona sare za shule. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alivaa miwani yake, akaitazama muda mrefu kuliko mwalimu yeyote aliyepita pale chumbani kwetu.

"Mvua inakuja," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Watu wameingia. Ona milango, mwanangu. Mvua ikikaribia hatufungi mapema. Kwanza tunaingiza vitu vya nje, halafu watu wa njiani wanaingia, ndipo tunarudisha mlango." Akasogeza kidole. "Na nyumba hizi zinasogeleana. Baridi."

Hakuwa amemaliza vizuri tone la kwanza lilipogonga bati. Tuliiinua cherehani, mimi upande mmoja na yeye mwingine, na ndani ya muda mfupi duka lile dogo lilikuwa na mzee mwenye bahasha za mahakama, wanafunzi, dereva wa bodaboda na helmeti yake, mama mwenye kikapu cha mboga za chinsaga, na sisi. Mabati yaliponguruma hakukuwa na maneno tena. Nilitazama nje kupitia mlango. Ng'ambo, milango ya maduka mengine ilikuwa myeusi tii, huoni kitu, na nilijua kila mmoja umejaa watu kama wetu.

Mvua ilipokatika ndipo mwenzangu alipofungua mdomo. Turubai nzima, alisema, aliipaka kwanza rangi ya udongo wa matofali, ikakauka, kisha akaweka maduka juu yake kwa kisu, na kila mahali alipokwangua, udongo ulirudi. Duka la katikati ndilo alilokuwa akitumwa chumvi na mafuta ya taa akiwa mtoto. Mahali pa ghorofa palikuwa na duka la sita, pacha wa mengine. Alipoanza kuchora lilikuwa limeshabomolewa. "Hilo jipya sikujua linaegemea nani," alisema. "Nikaliacha lisimame."

Nilirudi kwenye picha nikatafuta mahali hapo, kati ya duka la tano na ghorofa. Kuna ufa mwembamba, juu hadi chini, haukupakwa chochote. Ni ule udongo wa chini, mwekundu. Basi aliyesema huzuni hakukosea kabisa. Huzuni ipo, ina upana wa kidole, na iko kulia. Upweke wenyewe siuoni. Picha imejaa watu mpaka kizingitini.

Kabla ya kurudi Nairobi tulifika Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini, ambako watu huchonga tangu utotoni, na ambako alizaliwa Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Nilimsikiliza kijana akimkosoa mdogo wake kwa sababu kiboko aliyemchonga ana tumbo lililokaa juu mno na hivyo haonekani amelala. Hakutaja uso. Alitaja uzito. Nchi yenye watu wanaosoma jiwe kwa namna hiyo haihitaji kufundishwa na mgeni kusoma picha ya maduka yake. Inahitaji kuwekewa hiyo picha mbele.

Na hilo ndilo ombi langu kwa mwenzangu, nalo nimemwandikia pia kwa barua. Mji wa Auvers-sur-Oise umeweka nakala za picha za van Gogh mahali zilipochorewa, na kanisani pale mtu anaweza kutazama mchoro na ukuta kwa wakati mmoja. Picha ya Ogembo inafaa kutundikwa Ogembo: kwenye baraza la mama wa cherehani akikubali, au katika ukumbi wowote wa mji wenye ukuta mkavu na mlango usiodaiwa kiingilio. Hapo mwanafunzi atatembea hatua chache, atatazama maduka, atarudi kwenye picha, na ataona mwenyewe ni mistari ipi ni ya mteremko na ipi ni ya mchoraji. Chumba chetu cha walimu kinaweza kubaki na nakala.

Ghorofa itamalizwa mwaka huu, fundi alituambia, na mwenye jengo amekwisha agiza mabati ya bluu.